Barua Niliyompa Praxeda

Zamani kinyozi alitambulika kwa mkono wake, siku hizi anatambulika kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Hapa Mabawa wamejaa vijana wa mashine, wananyoa jicho moja likiwa kwenye simu, na kila mmoja ana karatasi yake kwenye fremu. Lakini sina haki ya kuwalaumu. Praxeda alikuwa na mkono, na karatasi aliikosa kwa sababu yangu.

Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, baba yake mkata mkonge aliyetoka bara. Alipofika kwenye banda langu alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa karibuni na Nehemia, seremala. Aliuliza kama napokea mwanafunzi.

"Wasusi wako mtaa wa pili," nikamwambia.

"Kusuka najua. Nataka wembe."

Wateja wakacheka. Rehmatulla, mwenye duka la vitambaa, alikuwa kitini na povu kidevuni. "Mchukue, bwana Luqmani!" akasema. "Wewe macho yamekwisha, utatukata makoromeo bure."

Nikamchukua. Mwaka wa kwanza alifagia nywele na kuchemsha maji. Wa pili nilimpa wembe na maputo yaliyopakwa sabuni, ayanyoe bila kuyapasua. Wanafunzi wangu wengine walipasua kwa makumi. Yeye alipasua matatu. Kufika mwaka wa nne alikuwa akinyoa mabwana harusi, na akina mama wa Kiislamu wakimletea watoto wa siku saba awanyoe nywele za kuzaliwa, naye Mkatoliki. Alimlaza mtoto mapajani, akamnyoa mpaka mwisho, na mtoto asiamke.

Sasa, sisi tuna desturi yetu. Mwanafunzi hawi fundi kwa kuhesabu miaka. Siku ikifika, mwalimu wake huketi kwenye kiti chake mwenyewe mbele ya wateja, akainua kidevu, mwanafunzi akamnyoa. Mwalimu akiinuka hutamka, "Huyu ni fundi," na tangu hapo yule yuko huru kwenda kufungua pake. Mimi nilimnyoa mwalimu wangu hivyo mwaka sabini na tatu. Nami nimewaketia wanaume wanne.

Praxeda sikumketia. Ilipotimia miaka mitano nilisema mwaka ujao. Mwaka uliofuata nikasema baada ya Ramadhani. Nilijiambia watu watasema nini, mzee kushikwa kidevu na mwanamke. Uongo mtupu, mtaa mzima ulikuwa ukishikwa. Ukweli ni kwamba mkono wangu ulishaanza kutetemeka na wateja walikuwa wakimfuata yeye. Akiwa fundi ataondoka, na akiondoka banda limekufa.

Mwaka wa tisa akaja na fomu. Hoteli mpya upande wa Pangani ilimtaka aendeshe saluni yao, kwa sharti la cheti. Kulikuwa na chuo kinachowapima watu waliojifunzia kazini. Ukifaulu, unapewa cheti bila kukaa darasani. Ila kwanza upeleke barua ya fundi aliyekufundisha.

"Mistari miwili tu, fundi," alisema. "Kwamba nimekaa kwako na kazi naijua. Hoteli wananisubiri mpaka mwisho wa mwezi."

"Cheti! Mwalimu wangu alimnyoa liwali, na hakuwa na cheti."

"Liwali hayupo, fundi. Yupo meneja."

Mimi niliishia darasa la nne. Yaliyobaki nilijifundisha kwa magazeti tuliyokuwa tukifutia wembe, nikiyasoma kabla hayajalowa, na mwandiko wangu unasifiwa hadi leo. Nilikaa na kalamu alasiri nzima. Nikaandika mwaka alioanza, kazi anazoziweza, tabia yake njema. Kisha nikaandika: *Bado ni mwanafunzi wangu, sijamtamka kuwa fundi.* Nikajiambia hiyo ni kweli, na kweli haina dhambi. Nikaibandika bahasha kwa gundi.

Hakuifungua. Barua ya mkubwa haifunguliwi na anayeipeleka; ndivyo alivyolelewa, na nilijua hivyo wakati natia gundi. Akaibeba kwa mikono yake mwenyewe.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Nilikuwa namnyoa Rehmatulla.

"Wanasema wanapima mafundi," alisema, amesimama mlangoni. "Mwanafunzi akamalize kwanza kwa mwalimu wake. Wakanisomea ulivyoandika."

"Sikuandika uongo."

"Hukuandika uongo, fundi."

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya benchi, akaenda zake.

Rehmatulla alininyang'anya taulo, akajifuta povu upande ambao sijaufikia. "Miaka yote hii kidevu changu kiko kwa yule binti," akasema. "Leo nimekupa wewe, umenikata mara mbili. Kama yeye mwanafunzi, wewe nani? Kaandike nyingine, bwana we!"

Niliandika nyingine, lakini si siku ile. Kiburi kilinizuia siku kumi na moja. Nilipoipeleka chuoni, karani akaniambia kwa upole kwamba upimaji umekwisha, mpaka baada ya miezi sita. Hoteli nayo ilishaajiri mtu. Nyumbani kwa Praxeda nikakuta chumba kitupu. Majirani wakasema wamehamia Mwera, kwa mama yake Nehemia.

Niliwafuata. Nilivuka kwa kivuko Pangani, nikakodi bodaboda. Niliwakuta uani, Praxeda anakuna nazi, Nehemia anaranda mbao. Waliniamkia, wakanipa kigoda na sahani ya wali. Nikamtolea barua. Akaisoma, akampa mumewe.

"Imeandikwa vizuri," alisema Nehemia. "Ingekuja mwezi uliopita ningekuchinjia kuku."

"Nehemia!"

"Si nimesema vizuri?"

"Nisamehe, mwanangu," nikasema.

"Nimeshakusamehe, mzee," akasema Praxeda. "Kula, wali unapoa."

Miaka tisa alikuwa akiniita fundi.

"Msimu ujao utakwenda kupimwa?"

"Nauli ikipatikana. Na mkono ukiwa bado unakumbuka."

Nikamwambia arudi, banda lote liwe lake, mimi nitafagia. Alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgonjwa, akaendelea kukuna nazi.

Walinisindikiza hadi barabarani. Nehemia alitangulia, nikakiona kisogo chake: kimenyolewa na mtu mwingine, si mkewe, ngazi ngazi, na juu ya shingo kuna mkwaruzo mbichi. Sikuuliza. Nilipopanda bodaboda nikageuka kuwapungia mkono, lakini walishaanza kurudi, mke mbele, mume nyuma yake, mpaka minazi ikawaficha. Sijawaona tena.