Mayala Ndiye Okech

"Kaa kimya tu, Yeremia! Nani kakuuliza?"

"Ni yule yule, dada. Mayala ndiye Okech."

"Okech ni Mjaluo wa Shirati. Mayala ni Msukuma, babu yetu. Wapi na wapi?"

Tulikuwa jikoni kwa Yeremia, Mabatini, tunanong'onezana kama wezi, sato wanakaangika. Sebuleni walikaa wageni waliokuja kumposa Rose, binti yake, kwa kijana wao Alexander. Baba mkubwa wa kijana alikuwa amemaliza kutaja wazee wao mpaka wa juu kabisa: Okech, aliyevuka ziwa kutoka Usukumani, hana sikio la kushoto. Sasa ilikuwa zamu yetu kutaja wetu, ijulikane kama damu haijagongana.

Yeremia ni mdogo wangu. Siku za kazi anashona viatu barabarani, Jumamosi anafundisha dini. Kila Desemba, ikisomwa ile injili ya fulani akamzaa fulani, kanisa zima linasinzia. Mimi hukoroma mpaka viboko wa ziwani Igogo wanaitikia. Yeye ndiyo kwanza anachangamka.

"Esromu wa Mathayo ndiye Hesroni wa kitabu cha Ruthu," huwaambia watoto. "Aramu ndiye Ramu. Majina ni ya Kiebrania, Wagiriki wakayaandika kama ulimi wao ulivyoweza. Jina limevaa nguo za ugenini, mtu hajabadilika."

Mtoto akibisha, anamrudisha kwa Ibrahimu, waanze upya.

"Mayala kwetu ni aliyezaliwa wakati wa njaa," akasema sasa. "Okech kwao ni hivyo hivyo. Babu naye alivuka ziwa. Na sikio la kushoto je?"

"Sikio la babu lililiwa na mamba."

"Krismasi ulisema kiboko."

"Walikula pamoja!"

Akatupia jicho mlango wa sebuleni. "Dada, watoto hawa ni ndugu."

"Basi niache nikaongee mimi. Nitawaambia babu yetu alikuwa na masikio matatu. Mimi nikisema uongo nani atashangaa?"

"Wataniuliza mimi. Mimi ndiye baba. Nimewashindilia watoto wa watu miaka yote hiyo, leo nikaseme Esromu ni mwingine na Hesroni ni mwingine?"

"Sema. Mara moja tu. Rose ameshashonesha na gauni."

Akashika mwiko. Mikono ile inayotoboa soli ya tairi ilishindwa hata kugeuza samaki. Nikamgeuzia mimi. Upande wa chini ulikuwa umeshaungua.

Mlango wa uani ukasukumwa. Rose, aliyekuwa amefichwa kwa jirani wakati wazee wanaongea, akaingia na kitenge kipya, anacheka peke yake.

"Baba, nimesikia wageni wanakuulizia, ukawatajie babu Mayala. Na wewe shangazi uje, uwape lile sikio lako, wacheke."

Nikaipua sato, Yeremia akanawa mikono taratibu.