Makapi ya Ukwaju

Leo nimekamua ukwaju wa mchuzi, na harufu yake ikanirudisha uani kwa bibi, Mbweni, siku mama alipoingizwa chumba cha upasuaji. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi bibi alisugua vinara vya shaba vya kanisani kwa jivu na makapi ya ukwaju aliyowekewa na jirani yetu, muuza urojo. Siku ile jirani aliyaleta mwenyewe.

"Hata leo, shoga? Mwanao si anapasuliwa saa hizi?"

"Nshamkabidhi kwa Mungu," bibi akajibu. "Nikikaa kitako kuwaza, ntakuwa nnamnyang'anya."

Jirani akavuta kigoda, akakunja buibui lake, akachukua kinara. Mimi nikachukua kingine. Ukwaju uliniwasha vidole, na hofu iliyonikaba tangu asubuhi ikaniachia, kabla hatujaletewa habari yoyote.

Leo aliyeingizwa chumba kile ni mwanangu. Makapi sikuyatupa. Nimeteremsha kinara cha shaba alichoniachia bibi, nimechota jivu la seredani, na simu nimeiweka mezani. Daktari akipiga, atanikuta mikono michafu.