Sikio la Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, wanamwita Masikio, na si kwa sababu masikio yake ni makubwa. Kabla ya kufungua mzinga wa nyuki huugonga mara moja kwa kidole, akaweka sikio kwenye ubao na kutulia. Kisha husema, "Bado," au, "Leteni ndoo." Sijawahi kumwona akikosea, na hilo ndilo linaloniuma.

Maana nyuki nilianza mimi. Alipokuja kumwoa dada yangu alikuwa seremala wa vitanda, akimwona nyuki mmoja anatupa shati na kukimbia. Mimi ndiye niliyemfundisha kurina asali, enzi zile tukichoma mizinga ya magogo kwa mwenge na kuua nusu ya kundi. Akaenda kukaa na mbao zake, akarudi na mzinga wa sanduku unaotoa sega moja moja bila kuwaua nyuki. Leo, miaka sita baadaye, mlima wetu ulionyolewa na wachoma mkaa umeota nywele tena, na chemchemi iliyokauka inatoa maji. Wachoma mkaa wenyewe wamo kwenye kikundi cha nyuki. Akionekana mtu na shoka, wao ndio wa kwanza kupiga kelele.

Watu husema, "Kazi ya Masikio hiyo." Hata mke wangu. Nikilalamika kwamba paa linavuja, anajibu, "Shemeji anasema upigilie misumari upande huu." Nyumba yangu, paa langu, na bado shemeji anasema.

Mimi si msemaji. Mkutanoni hukaa karibu na mlango. Nilitaka kitu kimoja tu: ufunguo wa ghala la asali. Mwenye ufunguo ndiye anayeamua asali ipi iingie, na wageni wakija ndiye anayewafundisha. Masikio aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila ulipocheza kifuani pake, macho yangu yaliufuata.

Msimu huu nikaapa ndoo yangu itatangulia zote. Masikio akagonga mzinga wangu, akasikiliza. "Bado, shemeji. Ngoja wiki mbili."

Siku iliyofuata akasafiri, nikarina. Masega mengi nyuki walikuwa hawajayaziba kwa nta, na asali ya hivyo ina maji, huchacha. Nilijua. Lakini ufunguo alikuwa ameachiwa dada yangu, na dada hawezi kumkagua kaka yake, basi ndoo yangu ikaingia ghalani.

Siku ambayo mnunuzi alitarajiwa, asubuhi na mapema, nikasikia hodi uani. Masikio alikuwa amerudi safari, amebeba ndoo iliyofunikwa gunia.

"Shemeji, mtoto wako anaumwa tumbo."

Akafunua. Kifuniko kilikuwa kimevimba, povu linatoka pembeni.

"Mnunuzi akionja hii moja, atazikataa zote. Iweke ndani." Akaondoka. Hakunigombeza hata kidogo, nami nikamchukia kwa hilo pia.

Saa nne tulikusanyika ghalani. Mwenyekiti, mama mfinyanzi mwenye sauti ya kupasua vyungu, akahesabu ndoo.

"Jana jioni zilikuwa kumi na mbili. Leo kumi na moja. Ndoo imeota miguu?"

"Labda imekwenda kusalimia ndugu zake," akasema mchoma mkaa mmoja wa zamani.

Watu wakacheka. Kisha wakautazama ufunguo.

"Masikio, ndoo iko wapi?"

"Haikufaa, mama. Nimeitoa."

"Ya nani?"

Akainama, akaisogeza ndoo moja ikae sawa na nyingine.

"Nakuuliza, baba, ya nani? Kama huna jibu, vua huo ufunguo."

Dada yangu akanitazama. Masikio akaanza kuvua kamba, ikanasa sikioni, na hakuna aliyecheka. Ufunguo ulikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Ili ushuke, nilitakiwa kufanya jambo ninaloliweza kuliko yote: kukaa kimya.

"Ni yangu," nikaiambia sakafu.

"Nani huyo? Sema tusikie!"

"Ndoo ni yangu! Nilirina mbichi. Alinikataza, sikusikia."

Mwenyekiti akashika kiuno. "Jamani! Miaka sita sijui sauti ya mtu huyu, kumbe anayo! Mnaona? Hata kusema ukweli amefundishwa na shemeji yake."

Wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama, na makofi wakampigia yeye. Kamba ikarudi shingoni.

Wiki mbili zilipotimia nilikwenda kwenye mzinga wangu peke yangu. Nikatazama kulia na kushoto, hakuna mtu. Nikagonga mara moja, nikaweka sikio kama yeye, ila kwa haraka yangu nililiweka pale pale mlangoni mwa nyuki.

Nilirudi nyumbani na sikio lililovimba kama ngumi. Mke wangu aliniangalia, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Pole, baba. Shemeji anasema mtu akiumwa na nyuki apake asali."

Asali iliyokuwamo nyumbani ilikuwa ile ndoo moja tu, iliyochacha. Nikachovya kidole, nikapaka.