Kitke Inayookwa Yeoville

Kitke ni ule mkate wa mayai unaosukwa kama nywele, ambao Wayahudi wa Johannesburg hula Ijumaa jioni. Jirani yangu Murielle, mzaliwa wa Bukavu, alijifunza kuuoka katika miaka tisa ya kumpikia bibi mmoja kule Orange Grove. Bibi alipofariki, Murielle hakutafuta bosi mwingine. Aliwasha jiko lake mwenyewe hapa Yeoville, na kila Ijumaa akawa anapeleka mikate kumi na miwili kwenye mgahawa wa Steve, Norwood.

Mimi ni Najma, fundi cherehani, mtu wa Kigoma. Mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo nilimsikia siku aliporudi na mikate mitatu iliyokataliwa. Wateja walisema ina ladha ya ajabu inayobaki mdomoni. Ilikuwa wiki ya tatu mfululizo. Steve alimwambia, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba baada ya Ijumaa ijayo aokee jikoni mwa mgahawa, mahali pasafi, pamoja na vijana wake. La sivyo, basi.

"Pasafi!" Murielle alifoka. "Anafikiri miye nakaa mu choo? Siendi! Mwezi moja tu vijana yake watajua mukate, na miye nitabaki na nini?"

Nilikasirika kuliko yeye. Mwanamke yule hupiga deki mara mbili kwa siku. Hata mimi, shoga yake, huvua viatu mlangoni kwa kumwogopa.

Akaanza msako. Alioka vimkate vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja akibadilisha kitu kimoja tu. Hamira mpya. Unga wa kampuni nyingine. Chumvi zaidi kidogo. Mayai aliyavunja moja moja kwenye kikombe na kuyanusa. Unga uliokandwa akauacha uumuke polepole tangu asubuhi hadi mchana, maana ukiharakishwa hubaki na harufu ya hamira. Nilionja vyote, na wallahi vyote vilikuwa vitamu. Brigitte wa saluni ya chini alionja, akaomba kingine.

"Wanakuonea tu," tukamwambia.

"Hapana," alisema. "Watu wengi vile hawawezi kudanganya pamoja. Kuko kitu, na nitakipata."

Alhamisi akaja Omollo, Mkenya wa benki, kuchukua suruali yake. Tukampa kipande. Akatafuna, akasita.

"Mama, hii mkate iko poa. Lakini mbona iko na ladha ya ile mboga yenu ya Jumapili?"

Hapo nikalikumbuka dumu. Mboga yetu ya Jumapili ni sombe, yaani kisamvu, na sombe tunaiunga kwa mawese. Mwezi uliopita dumu la mafuta la Murielle lilipasuka, nikampa langu, ambalo dada yangu alinitumia mawese ndani yake kutoka Kigoma. Nililiosha kwa maji ya moto na sabuni hadi likang'aa, naye akamimina humo mafuta yake ya alizeti ya kukandia mikate. Kumbe plastiki ilikwisha kunywa mawese. Sisi tuliokulia mawese hatukusikia chochote. Kwetu hiyo ndiyo ladha ya chakula kilichopikwa vizuri.

Nilimwomba radhi huku machozi yananilenga.

"Acha, Najma. Sasa nimejua. Kesho unanisindikiza, na ile dumu inaenda nasi."

Ijumaa Steve alionja mkate uliookwa kwa mafuta ya chupa mpya. Uso ukamkunjuka. "Ndiyo hii," alisema. "Basi wiki ijayo uje uokee hapa."

Murielle akalitua dumu kwenye kaunta, mbele ya wateja waliopanga foleni. Alimjibu kwa Kiingereza chake cha Joburg:

"Nusa. Kosa lilikuwa humu. Nimelitafuta wiki nzima nyumbani kwangu, na nimelipata nyumbani kwangu. Nitaendelea kuoka huko huko. Kama hutaki, naondoka na mikate yangu."

Akainua kikapu. Ajuza mmoja kwenye foleni akauliza kwa sauti, "Anaipeleka wapi kitke yetu?"

Steve alitazama foleni, akatazama dumu. "Sawa. Iache."

"Bado." Murielle alionyesha ubao ulioandikwa *Kitke ya nyumbani*. "Nyumbani kwa nani? Andika."

Steve akachukua chaki, akaandika jina la Murielle, akageuka. Murielle hakusogea, kikapu bado mkononi. Steve akaurudia ubao, akaongeza: Yeoville.

Ndipo Murielle akakitua kikapu.