Benchi Lililokuwa Ndani

Siku ambayo sijaisahau katika kazi yangu, mwanangu, ilikuwa Jumatatu ya mvua, mwaka ule wa vita. Nilikuwa mganga kijana kwenye zahanati ya kijiji cha ujamaa, upande wa Bukiriro, na kusema kweli nilikuwa na kiburi. Nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi, watu wakaniita daktari, nami nikaitika.

Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Benchi la wagonjwa lilikuwa humo humo ndani, hatua tatu kutoka mezani kwangu, na nilikuwa nimeweka sheria: atakayeinuka benchini amepoteza nafasi yake, aanze mwisho. Mkaguzi mmoja alinisifu kwa utaratibu huo, nikavimba kichwa zaidi.

Siku hiyo alifika mezani Leokadia, binti aliyekuwa ameolewa mwaka uliotangulia. Nyuma yake benchini alikaa Mzee Ntahondi, baba mkwe wake, amekuja na kikohozi chake. Wewe umekulia mjini, basi nikueleze: kwetu mwanamke hataji habari za tumbo lake mbele ya baba mkwe. Hata jina la mzee huyo halitamki. Nililijua hilo vizuri, maana mama yangu aliishi hivyo hivyo. Lakini nikishavaa koti nilijifanya sijui.

"Unaumwa nini? Sema kwa sauti, mvua inapiga bati."

Akatazama chini. "Kichwa, daktari."

"Kichwa tu?"

"Ndiyo."

Nikampa aspirini, nikaita anayefuata.

Kesho yake asubuhi wanaume wanne walimleta kwenye machela ya miti, kanga zimelowa damu. Alikuwa na mimba changa, na damu ilikuwa imeanza kumtoka tangu Jumapili. Nami nilikuwa nimempa dawa inayoizidisha. Gari la wilaya lilikuwa limepelekwa vitani, kwa hiyo tulimbeba kwa miguu hadi hospitali, tukipokezana, na njia nzima niliogopa kwamba atatufia mikononi. Kila alipofumbua macho aliniita daktari. Niliona aibu ambayo sijaipata tena.

Alipona. Mimba haikupona.

Wiki iliyofuata Mzee Ntahondi alikuja zahanati. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa pale pale benchini.

"Siku ile nilimwona ana jambo," alisema. "Nilitaka nitoke nje ili aseme. Nikakumbuka sheria yako, nikaona nitarudishwa mwisho na kikohozi hiki. Nikabaki nimekaa. Tumemkosea sote wawili, mimi na wewe."

Hakupaza sauti. Heri angenitukana. Niliinuka nikashika benchi upande mmoja. Mzee akaelewa, akasimama, akashika upande wa pili, tukalitoa hadi barazani. Jioni nikatundika blanketi mlangoni, na ile sheria nikaifuta mbele ya watu.

Sasa wewe unaanza kazi, una koti lako jipya, na umependeza, sikatai. Lakini nisikilize. Mgonjwa akikuambia kichwa, tazama kwanza nani amekaa nyuma yake. Ukitaka kuweka sheria, kaa wewe mwenyewe kwenye foleni siku nzima uone inamfanya nini mtu anayeumwa. Mila za watu usiziache mlangoni kama viatu. Wao wanaingia nazo. Na kabla hujatoa dawa, funga mlango, uliza tena polepole: kuna jingine? Halafu nyamaza umsubiri. Wengi hulisema hapo.

Leokadia alirudi baada ya mwaka na zaidi. Alipita blanketi, akakaa, akasema kabla sijamuuliza: "Nina mimba, daktari, na ninaogopa." Mtoto yule leo ana watoto wake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akubarikie mikono, na akupe wagonjwa wasiokuogopa.