Saa Mbili ya Bibi

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mwalimu wa kompyuta hutufungulia chumba chake, nami huitumia siku hiyo kuwafanyia kazi watu nisiowajua, bure. Ni programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha. Wenzangu darasani huniita kibarua wa hewani. Siwalaumu.

Mwaka huu nilishughulika na programu moja tu, ya simu, inayotamka saa kila inapotimia. Niliiweka kwenye simu ya bibi yangu kule Kikoneni, kwa kuwa macho yake yamechoka na kidonge chake cha presha ni cha saa mbili asubuhi. Tatizo, aliyeitia Kiswahili alitafsiri nambari tu. Saa mbili asubuhi simu ikawa inatamka, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa, "Saa nane kamili." Bibi akanitazama kana kwamba nimemletea mlevi nyumbani.

Mwezi wa kwanza nikatuma marekebisho: punguza saa sita. Msimamizi wa mradi, aliye ng'ambo, akajibu kwa adabu nyingi kwamba saa yangu inachelewa, huenda kompyuta yangu haijui iko bara gani. Mwezi wa pili nikamwandikia insha kamili kwamba kwetu saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, nikaambatisha picha ya kibao cha duka la Msambweni: tunafungua saa mbili. Akajibu kwamba wenye maduka wa kwetu wanaamka mapema mno. Nilitaka kuipiga kibodi kichwa.

Mwezi wa tatu Mtanzania mmoja akapita kwenye ukurasa wa mradi akaandika, "Ni kweli, ndivyo tunavyohesabu." Sentensi moja. Ikakubaliwa siku hiyo hiyo. Insha yangu hata asante haikupata.

Nikaenda Kikoneni kumwekea bibi toleo jipya, nikarudi shuleni kifua mbele. Wiki iliyofuata nikaenda tena kumwona bibi, nikamkuta amelala mkekani mchana, kichwa kinamzunguka. Nikamwamkia, shikamoo, nikamwuliza kama amemeza dawa.

"Bado, mume wangu. Simu haijasema saa nane."

Kumbe miezi yote ile niliyokuwa nikigombana na ng'ambo, yeye alishauzoea uwongo wa simu. Ikitamka saa nane, anameza. Sasa ilikuwa ikisema kweli, naye alikuwa akingoja saa nane ya kweli, ya mchana, wiki nzima.

Nikamweleza mara tatu. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Irudishe ilivyokuwa. Mimi na ile tulishaelewana."

Nikampa kidonge na maji, nikaliondoa toleo langu, nikamrudishia lile bovu. Akauliza basi kazi ya miezi mitatu ilikuwa ya nani. Nikamwambia ya watu wengine.

"Basi wakupikie hao," akasema, na bado akanisogezea sahani ya mihogo.