Swali Lisilorudiwa

Qiu Wanting aliitaka kazi ile hata usingizini. Miaka minne ya kutafiti magonjwa ya nyanya, hapohapo Groningen, Uholanzi, na kibali cha kuishi juu yake. Akiikosa, majira ya joto yakiisha atafungasha arudi China, Mianyang, kwa mama yake, shahada mkononi na kazi hana. Kwa hiyo siku Profesa Hilde Terpstra alipomsimamisha kwenye banda la vioo, katikati ya miche, akamwambia, "Wanting, nimepata fedha za mtafiti mmoja. Unaitaka kazi?" moyo wa binti huyu uliruka. Lakini mdomo wake, uliolelewa vizuri kupita kiasi, ukajibu:

"Aa, Profesa, mimi bado sana. Wapo wenzangu wanaojua zaidi."

"Kumbe? Sawa," alisema Hilde. "Asante kwa kuniambia mapema." Akanyanyua ndoo yake, akaenda zake.

Wanting hakushtuka. Kwao mtu akikaribishwa chakula hukataa kwanza. Mwenyeji humvuta mkono, mgeni hukataa tena, wanavutana mpaka mpita njia adhani wanapigana, ndipo bakuli hujazwa. Anayekubali papo hapo ama ana njaa ama hana adabu. Wanting alikuwa amejibu inavyopasa, na sasa ilikuwa zamu ya Hilde.

Mama yake, kwenye simu, alimuunga mkono huku akimenya vitunguu saumu. "Umefanya vema, mwanangu. Usionekane una pupa. Akija tena, kataa kidogo tu, halafu kubali."

"Kidogo kiasi gani, Ma?"

"Ah, kidogo! Usije ukamchosha mwalimu wa watu."

Basi akangoja. Alipita mbele ya ofisi ya Hilde kwenda kujaza chupa yake maji ya moto mara nyingi kuliko kiu aliyokuwa nayo. Hilde alimsalimia, akamuuliza habari za ukungu kwenye majani, akamsifu kwa picha alizopiga. Habari ya kazi hakuitaja kabisa.

Aliyemzindua ni Fang Peiling, mwenzake wa nyumba moja, ambaye amekaa Uholanzi miaka mingi na hana breki mdomoni. Jumapili hiyo walikuwa jikoni wakijaza nyama kwenye vijifuko vya unga.

"Eti atarudia kukuuliza?" Peiling alicheka mpaka akaegemea friji. "Mdogo wangu, umeshuka kwenye ndege jana? Mimi mwaka wangu wa kwanza nililala njaa nyumbani kwa watu, chakula kipo mezani, nangoja kubembelezwa! Hawa wanauliza mara moja. Ukisema hapana, yameisha."

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Nenda kesho ukaseme unaitaka. Na usianze kuomba radhi mlangoni!"

Alikwenda. Hilde alikuwa anakula mkate wake wa jibini mbele ya kompyuta. Wanting hakukaa.

"Profesa, ile kazi. Naitaka."

Hilde aliacha kutafuna. "Oo, Wanting. Nimeshampa Joost. Amesaini Ijumaa."

Joost! Kijana mwema, hakuna ubishi, lakini ni Wanting aliyemfundisha kutofautisha ukungu na vumbi. Hasira zilimpanda, na mtu wa kumkasirikia hakumwona ila yeye mwenyewe.

"Ulisema wapo wanaojua zaidi," Hilde alisema taratibu. "Nikaelewa huitaki."

"Hawapo." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Masikio yalimwaka kwa aibu. Maneno kama hayo hakuwahi kuyasema mbele ya mtu yeyote, hata mama yake. "Hapa hakuna anayeifaa kazi ile kuliko mimi."

"Najua," alisema Hilde. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe kwanza."